Mguu wa Jogoo

Siku Bi Kijakazi alipouvunja mguu wa jogoo, Nyange aligeuza uso ukutani. Si kwamba alimwonea jogoo huruma, la hasha, kuku wangapi keshawachinja kwa mkono wake! Alichokiogopa ni ule mlio. Ulikuwa ule ule uliotoka kwenye muundi wake juzi, alipotumbukiza mguu katika shimo la panya buku njiani kwenda Kengeja, naye yuko mbioni, na habari ya msiba wa watu imo mdomoni mwake.

"Tulia," akasema Bi Kijakazi, na haikujulikana anamwambia mtu au anamwambia kuku.

Ndiyo iliyokuwa kazi yake Bi Kijakazi, kuunga mifupa, na Chokocho nzima hapakuwa na mwengine. Mtu akivunjika, kwanza alimnyoosha, akamfunga mabanzi ya mwanzi na dawa yake ya majani. Kisha alitaka kuku. Kuku yule alimvunja pale pale alipovunjika mtu, akamfunga dawa ile ile na vitambaa vile vile, akafungwa kamba nyumbani kwa mgonjwa. Kuku akianza kukanyaga, mtu naye hufunguliwa akakanyaga. Na kuku akifa? Hilo watu hawakupenda kulitia mdomoni. Walinong'ona tu kwamba kuku akifa, na mguu umekufa.

"Lakini bibi," akasema Nyange, jasho linamtoka kwa maumivu, "kuku wote wale uani, ukaniokotea zee hili? Tazama kucha lake la nyuma lilivyopinda. Hili lilikuwapo kabla ya mimi kuoa."

"Mzee kwa mzee," akajibu Bi Kijakazi, anafunga kitambaa kwa meno. "Nikikuvunjia kijogoo, yeye atapona upesi na wewe bado. Utamfuata ukaumie, kisha upite ukisema Kijakazi hajui kazi."

"Mzee nani hapa?"

"Wewe. Au ulidhani kwa kuwa una mbio, miaka haikupati?"

Kazija, mkewe, alicheka kidogo pale mlangoni. Nyange hakucheka.

Ukitaka kumjua Nyange, mwulize aliyefiwa. Miaka ile simu ilikuwa ya serikali, na lori lilikuwa likija Mkoani likitaka, masika halionekani kabisa. Mtu akifa Chokocho, ana kaka Kengeja, ana binti Pujini, ana shemeji Mtambile, nani atawaambia? Na maiti wetu hawekwi. Akifa alfajiri, alasiri yuko chini. Mwana aliye mbali, habari isipomwahi, huja akakuta udongo mbichi, akabaki na jambo hilo moyoni mpaka naye anaingia kaburini. Basi Nyange ndiye aliyekuwa akiwawahi watu.

Alianza angali kijana, baada ya kuwaacha wenzake wote nyuma katika mbio za Sikukuu, na hakuacha mpaka mvi zikamjaa kidevuni. Hakukimbia kwa vishindo. Alikwenda mwendo mmoja, shuka kaikunja mpaka magotini, mdomo kafumba, na maji haombi mpaka afike. Wanawake walipomwona akiingia kitongojini namna ile, waliteremsha chungu motoni kabla hajasema neno. Naye alikuwa na adabu yake. Hasemi kwamba fulani kafa. Husema, "Mama yako anakutaka," kisha hukaa chini akatazama pembeni mpaka kilio kipungue. Kwa hilo watu walimpenda, na walimwogopa pia, maana nani anafurahi kumwona mtu kama huyo mlangoni kwake?

Lakini mwili nao una yake. Miaka ya karibuni kila akirudi magoti yalikuwa yamevimba, na Kazija alikuwa akimkanda kwa mafuta ya nazi huku anasema yale yale.

"Baba Siti, waachie vijana. Kazi gani hii isiyo na mwisho? Watu hawatamaliza kufa."

"Vijana gani? Himid?" Nyange aliguna. "Himid anakimbia kama kafukuzwa na nyuki. Mwanzo moto, mwisho utamkuta kakaa chini ya mkarafuu anavua mwiba."

Alisema hivyo kila mara, na kila mara alijua Himid sasa ana mbio kuliko yeye. Alilijua hilo na likimchoma. Lakini kulikuwa na safari moja ambayo hakutaka kumwachia mtu, na safari hiyo ilikuwa bado haijafika. Mama yake, Bi Mgeni, alikuwa hai, kikongwe wa kulishwa uji kwa kijiko, nyumba ya pili tu kutoka kwake. Na dada yake Mwatum, ndugu yake wa pekee, aliolewa Pujini. Siku anatolewa nyumbani kwenda kwa mume, Mwatum alimshika mkono mbele ya watu akalia, "Kaka, wewe unawakimbilia wote. Siku ya mama, nikimbilie na mimi. Niuone uso wake kabla haujafungwa." Nyange akaapa kwa Mwenyezi Mungu. Na Bi Mgeni mwenyewe, kila akizidiwa, hilo tu ndilo alilosema. "Mwatum asije akakuta udongo." Nyange alimjibu, "Mama, miguu yangu ndiyo hii."

Na sasa mguu ndio huo, katika mabanzi.

Jogoo alifungwa kwenye nguzo ya ukumbi, mlango ukiwa wazi, ili Nyange amwone kutoka kitandani. Kwa siku nyingi hakuwa na kitu kingine cha kutazama. Jogoo alilala ubavu, mguu kaunyoosha mbele, jicho moja juu. Nyange naye alilala chali, mguu kaunyoosha mbele. Mtu aliyezoea kuingia vitongoji sita kabla ya adhuhuri, leo anapelekwa chooni kwa kushika shingo ya mkewe! Anaogeshwa kama mtoto. Akiangusha kofia, kofia inakaa sakafuni mpaka Kazija atoke shamba. Wazee wenzake walikuja kumpa pole, wakakaa, wakatania kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kisha wakaondoka, wanaondoka kwa miguu yao bila hata kufikiri, na yeye akawatazama visigino vyao mpaka wanapotea.

Msiba ukitokea, aliitwa Himid. Nyange alisikia hatua zake zikipita nyuma ya nyumba, akazisikiliza kwa sikio la mtu anayejua, akajisemea, "Anatua kwa kisigino. Atachoka." Himid hakuchoka. Alirudi na watu kwa wakati, na watu wakamsifu, tena wakamsifia pale pale ukumbini kwa Nyange.

"Huyu jogoo mbona hanyanyuki?" Nyange alimwuliza Kazija.

"Muda wake bado."

"Anakula?"

"Anakula."

Lakini hakuwa akila. Nyange aliona mtama umebaki pale pale, chungu wanaubeba. Mwenyewe naye akaanza kurudisha chakula. Kazija alikuta sahani imejaa, akaitazama, akamtazama jogoo, akamtazama mumewe. Akatoka.

Bi Kijakazi, katika siku hizo, aliitwa Kisiwa Panza kwa mtu aliyeanguka mnazini. Alipita kwanza kumtazama Nyange. Akabonyeza vidole vya mguu, akabonyeza na vya jogoo, akasema, "Asifungue mtu kitambaa hiki mpaka nirudi. Mumesikia? Mzee kwa mzee, huchelewa." Akaenda zake, na mvua za masika zikamzuia huko huko, bahari haipitiki.

Asubuhi moja, mvua imenyesha usiku kucha, Nyange aliamka akaona nguzo ya ukumbini ni tupu. Kamba iko, jogoo hayuko.

"Nimemtia jikoni," akasema Kazija haraka. "Hapo panavuja."

Akakaa huko jikoni siku chache. Kazija alipomrudisha nguzoni, Nyange alijiinua kwa viwiko. Alikuwa jogoo mwekundu, asiye na manyoya shingoni, na kitambaa mguuni, kama yule. Lakini alikuwa kasimama! Mguu wenye kitambaa ulikuwa chini, unakanyaga, na mwenyewe anatupa shingo huku na huku.

"Allahu Akbar," akasema Nyange. "Mama Siti, unaona?"

"Naona."

"Kanawiri."

"Joto la jikoni," akasema Kazija, akainama kuokota kifuu ambacho hakikuwa na haja ya kuokotwa.

Nyange alimtazama jogoo juu mpaka chini. Akaliona lile kucha la nyuma. Lilikuwa fupi, mfano wa punje ya hindi, na halikupinda. Aliliona vizuri, mchana kweupe. Akajiambia kwamba labda limekatika kwenye mawe ya jikoni, kuku hukatika kucha. Wala hakuuliza. Nani angeuliza? Jogoo kasimama, wewe uulize kucha?

Siku ile alikula sahani nzima na akaomba ukoko. Kazija alilia kwa kumwona anakula, akasema ni moshi.

Tangu hapo mambo yakaenda mbio. Jogoo alikanyaga, akafunguliwa kamba, akachakura uani, akaparamia paa la jiko na kuwika juu yake. Nyange naye akafungua mabanzi kwa mkono wake, bila kumngoja Bi Kijakazi. Mguu ulikuwa mwembamba na mweupe kwa ukavu, lakini ulisimama. Ukimuuma alisema ni uvivu wa kulala. Akatembea mpaka kisimani kwa mkongojo, kisha mpaka msikitini bila mkongojo, na watu msikitini wakampa mkono kama mtu aliyetoka Makka.

Mzee Ngwali, mjomba wake, mdogo wa Bi Mgeni, ndiye pekee aliyetia shaka. "Mapema hii, Nyange?"

"Mjomba, jogoo yuko juu ya paa. Nenda ukamtazame."

Mzee Ngwali akaenda akamtazama. Akarudi, naye akampa mkono.

Bi Mgeni alifariki alfajiri, mvua imekatika, miti bado inatona. Nyange alikuwapo, kamshika mkono. Maneno yake ya mwisho hayakuwa na ajabu, alitaka maji, akanywa kidogo, akatamkishwa shahada, basi. Wanawake wakaanza kilio. Mzee Ngwali akatoka nje kupanga mambo, nani achimbe kaburi, nani akate sanda, nani aende wapi.

"Himid yuko tayari," akasema. "Aende Pujini kwanza. Kengeja na Mtambile tutatafuta mtu mwengine."

"Pujini nakwenda mimi," akasema Nyange.

Himid, ambaye alikuwa mtu wa adabu, akasogea karibu. "Mzee Nyange, nipe mimi Pujini. Wallahi nitamleta bi Mwatum kabla ya alasiri. Wewe kaa na maiti wako."

"Himid, nakushukuru. Lakini hii nimeiapia."

"Na mguu?" akauliza Mzee Ngwali.

Nyange alinyoosha kidole tu. Uani, jogoo alikuwa akichakura kwa mguu ule ule, anatupa udongo nyuma kwa nguvu. Wote wakamtazama. Na hapo, ukitaka kujua, shauri likaisha. Hapakuwa na mtu Chokocho wa kubishana na kuku wa Bi Kijakazi.

Nyange alikuwa akijifunga shuka Kazija alipomjia chumbani. Uso wake ulikuwa umeloa, na Nyange alidhani ni msiba.

"Baba Siti, usiende. Mpe Himid."

"Kwa nini?"

"Mguu bado."

"Jogoo keshapona, mama Siti."

"Achana na jogoo!" akasema Kazija kwa sauti ambayo Nyange hakupata kuisikia kwake. Akafungua mdomo aongeze neno. Hapo hapo mlango ukajaa wanawake, huyu anauliza ubani uko wapi, yule anataka shuka jeupe, na Kazija akameza alilotaka kulisema. Nyange akampita, akatoka.

Ah, zile hatua za kwanza! Asikuambie mtu. Udongo ulikuwa baridi, upepo wa asubuhi unampiga kifuani, na mwili ukakumbuka. Mwendo mmoja, mdomo kafumba. Alikuwa kafiwa na mama, na chini ya huzuni ile, Mungu amsamehe, alikuwa na furaha. Watu walitoka milangoni wakamwona, wakasema, "Nyange huyo, karudi!" Akaipita minazi ya mwisho, akaupanda mlima wa kwanza, akaushuka, na mguu unamwitika.

Maumivu yalianza kabla ya Mtambile. Kwanza yalikuwa ya kawaida, ya kumng'ata mtu kidogo na kumwachia. Kisha yakawa hayaachii. Akabadili mwendo, akauelemea mguu mzima, akajisema kwa hasira, "Mguu wa kuku unaweza kupanda paa, wewe unashindwa na njia?" Akaipita Mtambile bila kusimama. Mbele yake kulikuwa na bonde la mpunga, na ng'ambo ya bonde njia ya Pujini. Siku hiyo bonde lilikuwa limefurika, wenye mashamba wamelikimbia, hakuna hata anayefukuza ndege. Akapita juu ya tuta, udongo unateleza. Katikati ya tuta mguu ukakunjika pale pale palipokunjika zamani. Aliusikia mlio wake, akaenda chini.

Alipozinduka alikuwa kalala nusu majini. Akajaribu kusimama, akaanguka. Akajaribu tena. Akajiburura kwa viwiko juu ya tuta, mguu unafuata nyuma kama si wake, akaenda kitambo, akatazama nyuma akaona hakwenda popote. Akaita. Akaita majina ya watu wa Mtambile aliowapelekea habari miaka nenda miaka rudi. Vyura tu ndio waliojibu. Jua likapanda mpaka utosini, likaanza kuinama upande wa pili, na yeye akawa analitazama jua kama mtu anayetazama nyumba yake inaungua na mkononi hana hata kata ya maji. Kule nyumbani, alijua, maiti keshaoshwa. Wanamngoja. Watu walikuwa wakiambiana, "Subirini kidogo, kaenda Nyange mwenyewe, Nyange hachelewi." Jina lake ndilo lililowafanya wasipeleke mtu wa pili.

Akalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake, peke yake kwenye tuta la mpunga.

Aliyempata ni Jecha, mkwezi wa Mtambile, anakatiza bonde na kamba yake begani. Akataka kumbeba.

"Niache!" Nyange akamfokea. "Niache hapa hapa. Nenda Pujini, kwa Mwatum binti Bi Mgeni. Mwambie mama yake anamtaka. Kimbia, Jecha, kimbia!"

Jecha akakimbia. Hakuwa mkimbiaji, masikini. Alikwenda kwa vishindo, mikono inapiga huku na huku, akafika mwisho wa tuta akasimama kupumua. Nyange alimtazama akasaga meno. Hakuwa na la kufanya ila kutazama.

Watu wa Mtambile waliopita bondeni baadaye walimkuta Nyange, wakamrudisha kwao juu ya kitanda. Walipoingia Chokocho, wenye nyumba za kwanza walitoka wakidhani ni maiti wa pili. Wakampitisha kando ya makaburi. Kaburi la mama yake lilikuwa limeshafukiwa, na watu wanakung'uta udongo mikononi. Mzee Ngwali alikuja akashika mbao ya kitanda, akasema, "Tumengoja mpaka alasiri imetoka, mwanangu. Tusingeweza zaidi." Nyange akafumba macho.

Mwatum alikuja akakuta udongo.

Hakumtukana kaka yake. Ingekuwa afadhali angemtukana. Kesho yake, matanga yakiendelea, aliingia chumbani alikolala, akakaa chini karibu na kitanda, macho yamevimba, akasema taratibu, "Kaka, umewawahisha watu hata usiowajua jina. Mimi tu."

"Jogoo alitembea, Mwatum," akasema Nyange. "Uliza watu wote. Jogoo alitembea."

"Basi ni kadari," akasema Mwatum, akajifuta kwa ncha ya kanga. Lakini hakumshika mkono.

Bahari ikatulia, Bi Kijakazi akarudi. Aliupapasa mguu kwa muda mrefu, akafunga upya, na safari hii hakuomba kuku. "Utatembea kwa mkongojo, inshallah," akasema. "Mbio ndiyo basi, Nyange. Mbio za sakafuni huishia ukingoni." Kisha akageuka. "Nani alikwambia ufungue?"

"Jogoo alitembea."

"Yule mzee? Katika siku zile?" Bi Kijakazi akakunja uso, akatikisa kichwa. "Haya. Mambo ya Mungu. Kazi yake imekwisha, mchinjeni. Wewe utakula mguu ule ule uliokuvunjikia, na mchuzi wake wote, ndiyo dawa iliyobaki."

"Tuchinje mwengine, bibi," akasema Kazija. "Huyu... huyu watu wamemzoea."

"Dawa si mazoea, Kazija. Ni huyo huyo."

Akachinjwa. Ilikuwa ndiyo siku Mwatum anarudi Pujini, na furushi lake liko mlangoni. Kazija alileta bakuli, akaliweka mbele ya mumewe, akarudi kukaa karibu na ukuta. Mchuzi ulikuwa mzuri, una ndimu na pilipili manga. Nyange alikula ule mguu taratibu, akausafisha, na kidole gumba chake, bila yeye kukusudia, kikaanza kuupapasa mfupa. Alikuwa akitafuta kifundo. Mfupa ulioungana haukosi kifundo, alikuwa nacho chake mwenyewe, alikigusa kila siku chini ya ngozi. Kidole kikaenda juu mpaka kwenye goti la kuku, kikarudi chini. Mfupa ulikuwa laini, umenyooka.

"Nipe na mguu wa pili," akasema.

"Leo kaka kapata hamu," akasema Mwatum, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akatabasamu kidogo.

Nyange akaula na wa pili, akaupapasa. Nao ulikuwa laini, umenyooka. Jogoo yule hakuvunjika mguu maishani mwake.

Akainua macho. Kazija alikuwa akitazama sakafu.

Mwatum akanyanyuka, akajitanda kanga. "Mimi nakwenda, nisikutwe na mvua. Kaka, nimekusamehe. Nimefikiri sana. Ni jogoo yule aliyetudanganya sote." Akainama akambusu mkono, ule usiokuwa na mfupa. Ule wenye mfupa Nyange alikuwa kaufumba chini ya shuka.

"Nenda, ndugu yangu," akasema. "Njia inateleza, angalia pale kwenye tuta."

Akaenda. Wakabaki wawili.

"Kicheche alimchukua," akasema Kazija mwishowe, hajainua uso. "Usiku ule wa mvua. Niliamka nikakuta manyoya tu. Na wewe ulikuwa huli. Nikasema akijua kafa, mguu wake utakufa, na mwenyewe atakufa. Kwa jirani yetu Mwanamize kulikuwa na kijogoo cha rangi ile ile. Nikamfunga kitambaa... Nilidhani utainuka kitandani tu, Baba Siti. Utembee uani. Mimi sikujua mama ataondoka mwezi ule."

Hasira ilimpanda Nyange mpaka masikio yakavuma. Akataka kumwambia neno baya, akalitafuta, na kila alilolipata lilikutana na lile kucha fupi alilokuwa ameliona kwa macho yake mawili na kulinyamazia. Hasira ikakosa pa kwenda. Mwanamume hasira ikimshika nyumbani hutoka, akapiga hatua mbili tatu, akakaa na wenziwe mpaka moto upoe. Akataka kutoka. Akataka kwenda mbali na mwanamke huyu, mbali kabisa. Na wa kumtoa hakuwapo ila yeye.

"Nitoe nje," akasema.

Kazija akaja, akainama, akampa shingo. Nyange akaishika. Akanyanyuliwa, akaburura mguu mpaka barazani, akakalishwa, akawekewa mkongojo ambao bado hakuweza kuutumia.

"Niache peke yangu. Sitaki kukuona."

"Haya," akasema Kazija, akaingia ndani.

Nyange akakaa. Alikuwa bado kaushika ule mfupa, akautupa uani, kuku wakaukimbilia wakadhani ni mtama. Njiani Himid alipita mbio, shuka kaikunja, mdomo kafumba. Kuna mtu kafa mahali. Himid akainua mkono kwa heshima bila kusimama. Nyange akamtazama visigino mpaka akapotea kwenye minazi.

Kisha mvua ikaanza. Matone makubwa kwanza, ya upande, yanaingia barazani. Yakamlowesha mabega, yakamlowesha shuka, yakaanza kuingia kwenye vitambaa vya mguu ambavyo Bi Kijakazi alisema visiguse maji. Akajivuta nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani, pakaisha. Akauma meno. Akavumilia kadiri alivyoweza, na ndani alimsikia Kazija kasimama nyuma ya mlango, anapumua, anangoja.

"Mama Siti," akaita.